Mzee Ngatia na Kisu Kinachonolewa Upande Mmoja

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu: mimi ndiye niliyeharibu kisu cha Mzee Ngatia. Nimeliandika hapa juu kabisa nisije nikaogopa nikifika katikati. Mwalimu Waithira alinituma niandike ukurasa wa kumuaga mzee, usomwe siku ya sherehe, kwa sababu ati Kiswahili changu ni kizuri kwenye karatasi. Mdomoni kinakwama, kila mtu darasani anajua. Basi sasa nianze inavyostahili.

Mzee Hezekiah Ngatia, mpishi mkuu, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Novemba 1984, baada ya kuipikia shule yetu hapa Tetu kwa miaka ishirini na mitatu. Alikuja mwaka 1961, wakati shule ilikuwa na wasichana hamsini na jiko lilikuwa mafiga matatu chini ya bati. Leo tuko mia tatu na themanini. Chai ya asubuhi haijawahi kuchelewa mikononi mwake. Siku ng'ombe wa jirani alipolala mlangoni mwa jiko akakataa kuondoka, mzee alipitisha birika dirishani, na kengele ilipolia vikombe vilikuwa vimejaa.

Kisu chenyewe kilifika mwaka 1974. Mwalimu Tanabe, Mjapani aliyefundisha sayansi hapa kwa miaka miwili, alitumiwa visu viwili kutoka kwao. Kabla ya kuondoka aliviweka juu ya meza ya jikoni akamwambia mzee achague kimoja. Cha kwanza kilikuwa kinang'aa kama kioo. Cha pili kilikuwa cheusi, kipana kama kipande cha bati, mpini wake mti mtupu. Watu wote jikoni walielekeza kidole kwa kile kinachong'aa.

Mzee hakutazama sura. Alishika kila kimoja kwa vidole viwili, pale mpini unapokutana na chuma, aone kinaangukia wapi. Cha kung'aa kiliinamisha mkia. Cheusi kilitulia. Kisha akakata nusu kabichi kwa kila kimoja, sikio karibu na ubao. Mpaka leo hutufundisha hivyo sisi wa zamu: kabichi ikilia, kisu kinairarua; ikinyamaza, kinakata. Alichukua cheusi.

Tangu siku hiyo kisu hicho kina heshima yake. Hakikati mfupa wala nyama iliyoganda. Hakigusi saruji, ni ubao wa mti peke yake. Hakitupwi karaini pamoja na vijiko, kwa sababu chuma chake ni kigumu lakini kinashika kutu upesi. Mzee hukiosha, hukipangusa kikauke, hukipaka tone la mafuta ya kupikia na kukifunga kwa kitambaa. Na hakipigwi chini kama shoka. Hushuka kikienda mbele kidogo, na uzito wake unafanya nusu ya kazi.

Mwaka huu mvua ilipokosa tukaletewa mahindi ya njano, wengi wetu tulisusia ugali. Tulisema unanuka, unafanana na sabuni. Mzee hakutuhubiria. Alikata kabichi nyembamba kama uzi, kisu kikiwa bado kizima, akaikaanga na vitunguu muda mfupi tu, ikatoka ingali inavunjika menoni. Siku ya tatu sufuria za ugali zilirudi jikoni tupu. Mkuu wa shule alimshukuru paredini mbele ya shule nzima, naye mzee akamtuma Kingori, msaidizi wake, apokee shukrani, kwa sababu yeye alikuwa na maharagwe motoni.

Sasa lile jambo langu.

Jumamosi moja mwezi wa Juni ilikuwa zamu yangu jikoni. Mzee alikuwa ameenda kwake Mweiga kuangalia ujenzi wa chumba cha hoteli yake, hoteli ya chai na chakula aliyoipangia miaka yote hii aifungue akistaafu. Mzee ndiye mtu mzima wa pekee hapa shuleni asiyenimalizia maneno. Nikikwama, anangoja, anamenya viazi. Nilitaka kumfanyia kitu.

Nikafungua kitambaa, nikaona kisu kina makali upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ulikuwa bapa, kama ukuta. Kwetu Kiganjo panga hunolewa pande zote mbili, kwenye jiwe kando ya tangi, na anayenoa upande mmoja anaitwa mvivu. Nikafikiri mzee, kwa vile macho yake yamepungua na miwani hataki, amekuwa akisahau upande huo. Nikaunoa kwenye ngazi ya mlango kwa dakika kumi. Nikakirudisha kwenye kitambaa, nikafurahi mpaka Jumatatu.

Jumatatu kisu kilianza kwenda kando. Kila kipande kilitoka kinene juu, chembamba chini.

“Mzee, hii kabichi umekata ama umetafuna?” Kingori akamuuliza.

Mzee alicheka kwanza. Akakinoa vile alivyokinoa siku zote, upande wake ule ule, na bado kikamvuta. Wiki hiyo hiyo nilimsikia akiwaeleza wasichana wa kidato cha kwanza kwamba kisu hicho hunolewa upande mmoja peke yake, na kwamba ule upande bapa ndio unaokiongoza kwa mkono uliokizoea. Hapo nikajua nilichofanya. Hakumshuku mtu. Ilipofika Septemba hakuwa akicheka tena.

“Kisu ni ile ile, Kingori,” alisema, mimi nikisugua sufuria nyuma yao. “Ni mkono imeisha.”

“Na hoteli?”

“Hiyo wachana nayo. Nitapatia mtu wa duka akodishe. Nani atalipa akule kabichi ya namna hii?”

“Basi nitakula mimi. Nimezoea kuteseka.”

“Wewe hujawahi lipa chakula tangu uzaliwe,” mzee akasema, lakini akakifunga kisu na kuchukua kile cha kawaida.

Mara tatu nimeenda mlango wa jiko nimwambie. Mara ya tatu aliniuliza nataka nini, nikaomba chumvi.

Leo Jumanne nimeandika haya maktabani, na kila mtu akipita nafunika karatasi kwa atlasi. Sasa nasikia viatu vya mpira kwenye veranda. Ni yeye, hakuna mwingine anayetembea hivyo. Nimeiondoa atlasi.

Sehemu hii ya mwisho naiandika Alhamisi. Mzee alikuja kuuliza kama nimetaja jina la mke wake, Wachuka, kwa sababu bila yeye asingeamka saa kumi ya alfajiri miaka yote hiyo. Sikuwa nimemtaja. Sasa nimemtaja. Akachukua karatasi, akaishika mbali, akanirudishia.

“Hii maandishi ni siafu. Nisomee wewe.”

Nikasoma kutoka juu. Sentensi ya kwanza ilinichukua muda mrefu sana, naye akangoja. Nilipofika kwenye ngazi ya mlango akainua mkono.

“Upande gani?”

“Ule bapa, Mzee.”

“Tangu Juni?”

“Tangu Juni.”

Alivuta kiti, akakaa. “Na mimi nimeambia mama wa watoto niko mgonjwa. Ananipikia uji kila jioni. Uji, mimi.” Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Tulienda jikoni. Alipitisha ukucha wa kidole gumba polepole kwenye ule upande wa kushoto, mpaka ukakwama. “Hii hapa,” akasema, kama mtu aliyepata mwiba aliokuwa akiutafuta.

“Kumbe umezeeshwa na mtoto wa Kiganjo,” Kingori akasema.

Adhabu yangu ilikuwa kukisugua kikiwa kimelala kabisa juu ya jiwe lililoloweshwa maji, mzee akiongoza mikono yangu, mpaka ule mstari ufutike. Ilituchukua jioni mbili. Leo asubuhi alikata kabichi. Kipande cha kwanza kilianguka kimenyooka. Akaikata yote. Kingori aliinua uzi mmoja dirishani, akautazama, akanyamaza, na Kingori kunyamaza ni kama cheti.

Hoteli inafunguliwa Mweiga wiki ya pili ya Januari. Mwalimu Waithira ameniuliza kama nataka kuondoa ile sehemu ya juu. Nimesema ibaki, na kesho nitaisoma mimi mwenyewe. Mkinisikia nimekwama, ngojeni kidogo.

Mzee Ngatia, tunakushukuru kwa miaka ishirini na mitatu ambayo hakuna msichana aliyelala njaa hapa. Nenda nyumbani kwa amani, ule uji uwape wengine, na milango yako ya Mweiga isikose wageni. Mkono wako ni mzima.

Murugi, Kidato cha Tatu