Yule Sista Akikosea, Anasema

Mama yetu mpendwa alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, juu ya benchi la zahanati, mama yake akiwa mtu wa saba kwenye foleni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi viatu na mkewe mkulima. Bibi yetu hakuchoka kumtania. "Wewe," alikuwa akimwambia, "watu sita tu wamekushinda kusubiri?" Mama naye alijibu kwamba ameruka foleni mara moja tu maishani, na hata hiyo mara moja hakuulizwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1971 hadi 1977. Alipokuwa darasa la tano alichaguliwa kiranja, na kazi yake ilikuwa kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele kila mwalimu alipotoka. Siku moja mwalimu alirudi akakuta jina la kwanza kwenye orodha ni la kiranja mwenyewe. Alipoulizwa, alisema yeye ndiye aliyecheka kwanza, wengine walifuata. Mjomba wetu mkubwa, aliyekuwa akisoma shule hiyohiyo, anasema walimcheka mama njia nzima ya kurudi nyumbani, na yeye akawa anawauliza, "Sasa mlitaka niandike uongo kwa chaki ya mwalimu?" Aliendelea na sekondari mwaka 1978 hadi 1981, kisha akaingia chuo cha uuguzi, alikohitimu Novemba 1985.

Aliajiriwa tarehe 3 Februari 1986 kama muuguzi wa zahanati, akahudumia kina mama na watoto kwa miaka saba. Mwaka 1993 alihamishiwa hospitali kubwa, idara ya dharura, na huko ndiko alikokaa hadi kustaafu. Wengi mlioko hapa mnaijua idara ile: mlango wa mabawa mawili ambao bawa moja halifungi vizuri, mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na migongo ya watu, vitanda kumi na viwili. Mwaka 2009 alifanywa muuguzi mkuu wake. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kusimama mlangoni na kuamua nani aonwe kwanza. Hakutazama nani amefika mapema wala nani anapiga kelele. Alitazama midomo, kucha na mbavu zinavyopanda na kushuka.

"Mimi nimefika hapa tangu saa mbili!" mzee mmoja alimfokea, mwenye kidole kilichobanwa na mlango, alipoona kijana wa pikipiki anapitishwa mbele yake.

"Ni kweli, baba," mama alimjibu. "Wewe umewahi kufika, huyu anawahi kuondoka. Ngoja tumzuie kwanza."

Wenzake walimwita Sista Foleni, mwanzoni akiwa hayupo, baadaye mbele yake.

Alifunga ndoa na baba yetu tarehe 22 Desemba 1990. Baba ni fundi umeme. Alikwenda zahanati kutengeneza taa, akajikata kiganja, na muuguzi wa zamu akamfunga. Alirudi kusafishwa kidonda mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne muuguzi alifungua bandeji, akakuta ngozi safi.

"Kaka, kidonda kimepona. Sasa unatibiwa nini?"

"Hilo ndilo nimekuja kuuliza," baba akasema.

Walijaliwa watoto watatu. Nyumbani mama alikuwa mchangamfu, mpenda redio, na mtu wa kukagua masikio ya watoto wa jirani bila kuombwa.

Yeye mwenyewe alituagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba siku kama ya leo tusisome sifa zake bila kusoma kosa lake. Tunatii.

Korona ilipozidi, katikati ya mwaka 2021, idara yake ilibadilika sura. Hema lilisimamishwa nje, wenye kukohoa wakipita kushoto na wengine kulia. Wauguzi thelathini na mmoja walibaki kumi na tisa, wengine wakiwa wagonjwa au wametengwa. Waliovaa mavazi ya kujikinga hawakutambulikana, kwa hiyo waliandikana migongoni kwa kalamu nene: DAKTARI, SISTA, MSAFISHAJI. Mgongoni mwa mama mtu aliandika FOLENI, naye akakaa na jina hilo zamu nzima bila kujua kwa nini wagonjwa wanatabasamu.

Ndugu wa wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia. Walisimama langoni toka asubuhi, wakishika vyuma vya geti, na uvumi ukaota palepale. "Humo mtu anaingia kwa miguu yake, anatoka amefungwa," walisema. Watu wakaanza kuwaficha wagonjwa wao majumbani, wakawaleta midomo imeshabadilika rangi, oksijeni haina tena cha kuokoa. Mama aliona kwamba imani ya watu pale nje ikipotea, hata wangekuwa na mitungi mia isingesaidia. Akaanzisha simu ya saa nne. Kila asubuhi, saa nne kamili, kila familia ilipigiwa na kuambiwa ukweli: amekula, hakula, anapumua vizuri, hali si nzuri. Ndani ya wiki mbili watu walianza kuleta wagonjwa mapema.

Kulikuwa na vitanda vitano tu vyenye bomba la oksijeni ukutani. Mgonjwa aliyezidiwa alihamishiwa kwenye hivyo, na aliyepata nafuu alihamishiwa kwenye kitanda chenye mtungi. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 22 Julai, mwashi mmoja alitolewa kitanda namba nne akapelekwa namba tisa, na karani wa stendi aliyezidiwa akawekwa mahali pake. Watu walihamishwa. Mafaili yalibaki yakining'inia pale yalipokuwa.

Karani alifariki saa tatu na nusu. Mama alichukua faili la kitanda namba nne, na kwenye simu ya saa nne akamwambia mke wa mwashi kwamba mumewe hayupo tena.

Haikupita saa moja, mama alipita kando ya kitanda namba tisa, na mgonjwa akavuta barakoa ya oksijeni pembeni. "Sista," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "leo chai hakuna?"

Mama alimtazama usoni. Alimjua. Alikuwa ndiye yule mwashi.

Daktari wa zamu, mtu mwema aliyekuwa hajalala siku mbili, alimvuta pembeni. "Sista, tuseme ulikosea namba ya simu. Hao watu wa langoni wakijua hatujui nani amekufa, kesho hakuna atakayeleta mgonjwa hapa."

"Namba sikukosea, daktari. Nilikosea mtu."

"Watakurarua!"

"Basi wewe andaa uzi wa kushonea."

Alivua mavazi ya kujikinga, akaoga, akavaa sare yake nyeupe ili waone uso wake, akatoka hadi langoni. Mke wa mwashi alikuwa amekaa chini, kina mama wamemshika mikono. Mama alisimama mita mbili kutoka getini na kusema kwa sauti iliyofika kila sikio: "Mimi ndiye niliyepiga simu. Nimekosea. Shemeji zangu, dada yangu, mwashi yu hai. Ameomba chai."

 Yule dada aliinuka, akashika chuma cha geti, akalia upya kwa namna nyingine. Mdogo wake mwashi akafoka, "Yaani mnacheza na roho za watu? Na aliyekufa ni nani basi?"

 Watu kama arobaini walitazamana, kwa kuwa kila mmoja alielewa kwamba kilio kile kimetua kwa mtu mwingine aliyesimama palepale.

"Huyo wake nitamwambia mwenyewe, pembeni," mama alisema, "nikishakwenda kumtazama marehemu tena. Sitasema la mtu mpaka nimwone uso."

Hakuna aliyeondoka. Alirudi ndani, akafunua shuka, akatazama, akamwita muuguzi mwenzake atazame naye, wakasoma jina kwa pamoja kwenye faili lake lililobaki kitanda chake cha zamani. Kisha alitoka, akapita katikati ya watu waliompisha, akamfikia mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, baba yake karani. Alimshika kiwiko, wakatembea polepole mpaka nyuma ya ukuta. Walikaa huko zaidi ya saa moja.

Siku hiyohiyo aliandika ripoti, mshtakiwa akiwa yeye. Alipewa barua ya onyo. Akaibandika ukutani mwa idara, na chini yake akabandika utaratibu mpya kwa mwandiko wake mkubwa: jina la mgonjwa liandikwe kwenye mkanda wa mkononi, anayemhamisha mtu ahamishe na faili lake, na hakuna simu ya msiba kabla mpigaji hajakwenda kumtazama marehemu usoni, na mwenzake kusoma jina. Utaratibu huo sasa unafuatwa wodi zote za hospitali ile.

Daktari alitarajia hema litakuwa tupu asubuhi iliyofuata. Lilijaa. Mke wa mwashi alikuwa amepita mtaani kwake nyumba kwa nyumba akiwaambia waliokuwa wakificha wagonjwa, "Wapelekeni tu. Yule sista akikosea, anasema."

Mwashi alitoka hospitalini tarehe 9 Agosti kwa miguu yake. Rafiki zake bado wanamwita Marehemu, naye anaitika. Yuko nasi hapa, na kaburi hili amelijenga yeye kwa mikono yake. Mzee wake karani naye yupo, mstari wa mbele pamoja na familia, kwa sababu tangu mwaka ule amekuwa babu katika nyumba yetu.

Mama alistaafu tarehe 14 Machi 2024. Februari 2025 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alikunywa dawa kwa nidhamu na kulalamika bila nidhamu yoyote. Tarehe 3 Novemba alizidiwa, tukampeleka idara yake ya zamani. Wauguzi walipotaka kumpitisha mbele, aliwazuia kwa mkono, akawaonyesha mama mjamzito aliyekuwa kwenye benchi, miguu imemvimba. "Mtazameni huyo miguu. Mimi nitangoja."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, baba akiwa njiani na chupa ya uji. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyepokea simu. Muuguzi alijitambulisha, akasema: "Nimemtazama mwenyewe usoni. Mwenzangu amesoma jina. Ni mama." Kaka alitaka kuuliza kama wana hakika. Akaacha. Mlango wa kujidanganya mama alikuwa ameufunga mwenyewe miaka minne kabla, na tulijua hakuna kosa. Tulilia bila kusubiri simu ya pili.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, kaka wawili, dada wawili, mawifi na mashemeji wengi, na mzee mmoja aliyempata langoni. Ameacha pia wauguzi wa idara ya dharura. Mnaowaona hapa kwa sare ni nusu yao. Nusu nyingine haikuja, na familia haina kinyongo. Wanajua kwamba wangefika wote, kabla hata ya kuwasalimia angewauliza, "Na mlangoni mmemwacha nani?"

Mungu amjalie mama yetu pumziko la amani.