Boti Iliyogeuka

Mheshimiwa Meya, Kamanda wa kikosi, wajane na watoto wa wenzangu, ndugu wageni waalikwa, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nikifunge rasmi chama cha manusura wa uvamizi ule wa pwani. Kikao chetu cha mwisho kilifanyika mwezi uliopita. Mwenyekiti ni mimi, katibu ni mimi, na mjumbe pekee aliyehudhuria ni mimi. Akidi haikutimia. Chekeni tu, hata mimi nilicheka, kisha nikakaa na viti kumi na kimoja vitupu mpaka mfagizi akaja kuniuliza kama kuna watu nawasubiri.

Vitabu vinasema tulishindwa kwa sababu maji yalikupwa. Ni kweli. Tulipangiwa kutua alfajiri, maji yakiwa yamejaa, tulipue matangi ya mafuta ya adui, tuondoke. Injini ya boti moja ikagoma, wote tukaingoja, na tulipofika jua lilishachomoza na bunduki za adui zilikuwa zinatutazama. Watu sitini walishuka kwenye tope la magotini. Boti nne kati ya tano zikavunjwavunjwa. Lakini ni kitabu gani kimewahi kumtaja aliyeshika usukani wa ile ya tano?

Ni mimi. Nilikuwa nimepakia majeruhi kumi nilipomwona rafiki yangu, mpishi wa kikosi, tuliyemwita Mzaha kwa sababu hata kwenye gwaride alituvunja mbavu. Alikuwa hatua kama themanini hivi, anajikokota kwa mguu mmoja, anapunga kofia.

Sajenti akaniambia, "Geuza."

"Afande, yule ni Mzaha."

"Namwona. Boti ikikwama hapa tunakwisha wote. Geuza!"

Nikageuza. Aliniita mara mbili. Ya tatu ilimezwa na injini.

Mjane wake nilimpelekea habari kwamba mumewe alikufa papo hapo, hakuumia. Kwa miaka hamsini na miwili, shemeji yangu huyu aliyeketi mstari wa mbele nimekuwa nikimsalimia nikiwa getini, nikisingizia haraka. Wenzangu wa botini walijua, na kila tulipokutana tulinyamaza pamoja. Walipokwisha mmoja mmoja, nikabaki na siri isiyo na mtu wa kunyamaza naye.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Nikasema palepale getini, "Shemeji, nilikudanganya. Nilimwacha akiwa hai, ananiita."

Akasema, "Nilijua lipo jambo. Angekuwa amekufa papo hapo, usingekuwa unaniogopa."

Nikamuuliza kama atanisamehe.

"Sijui," akasema. "Hilo nipe muda. Ila ingia ndani, ukae, unieleze alivyokuwa siku zile. Nimezeeka bila mtu wa kuzungumza naye habari zake."

Nilimweleza mpaka sauti ikanikauka. Alicheka mara moja, akalia mara nyingi, na nilipoinuka akaniuliza, "Jumapili ijayo utakuja saa ngapi?"

Mheshimiwa Meya, ndugu zangu, chama cha manusura nakitangaza kimefungwa. Msinionee huruma kwa kubaki peke yangu. Jumapili nina mahali pa kwenda. Mmenisikiliza kwa subira kubwa, nami nawashukuru. Asanteni sana.