Kiwanda Hakikufungwa

Ndugu zangu, wakala wa hisa aliniuliza mara mbili: "Mzee, tuuze zote?" Laiti ningesema hapana. Nikasema uza.

Kikao kilichopita mlipiga kelele kwamba hisa za kikundi ziuzwe kwa sababu bei imeanguka. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii.

Hisa nilizouza mimi hazikuwa zangu peke yangu. Marehemu baba alituachia mikorosho kule Vihingo, mimi na dada yangu mkubwa. Kila msimu, tukishauza korosho, tulinunua hisa za kiwanda kimoja cha saruji. Ziliandikwa jina langu, maana mimi ndiye niliyekaa mjini, hapa Kibaha. Tulikubaliana: hatuuzi mpaka kiwanda chenyewe kiharibike, na tuwe tumekaa wote wawili. Gawio la kila mwaka lilinunua dawa ya dada. Ana presha ya macho, na dawa ile hairukwi hata siku moja.

Bei ikaanza kushuka. Nikienda kunywa chai pale Kwa Mathias, vijana wananitania: "Mzee, karatasi zako mpe mama maandazi afungie!" Nacheka nao. Na malori ya kiwanda hichohicho yanapita mbele yangu, barabara ya Morogoro, yamejaa saruji! Niliyaona, ndugu zangu. Nikaogopa hivyohivyo, nikauza.

Nikaenda Vihingo, nikamkuta dada anaokota korosho.

"Shikamoo dada. Zile hisa nimeziuza."

"Marahaba. Kiwanda kimefungwa?"

"Hapana."

"Mdogo wangu, mwaka ule ukungu ulipoua maua yote, tulikata mikorosho?"

Akainama, akaendelea kuokota.

Pesa tukagawana. Fungu lake liliishia kwenye paa lililoezuliwa na upepo, langu kwenye misiba. Bei ikapanda tena, wenzangu wakapokea gawio. Dada hakuniomba kitu. Alikuwa anatia dawa leo, anaruka kesho, ili chupa ifike mbali. Nami nilijua siku aliponyoosha mkono kunisalimia, ukapita pembeni yangu.

Nawashukuru. Mlinipokea kikundini nikiwa sina mali ila kuku, mkanirudisha kwenye kununua hisa kidogokidogo. Mama mweka hazina, juzijuzi bei ilipoyumba nikaja kwako mbio nikitaka kuuza, uliniambia, "Mzee, kaa, kunywa maji." Nikakaa. Sijauza. Mungu akulipe.

Basi msiniulize bei. Ulizeni kama kampuni bado inafanya kazi yake vizuri. Kama imeoza, uzeni leo hii, nami nitanyoosha mkono. Kama malori bado yanapita, tulieni, hata wakiwacheka.

Gawio limeanza kuingia tena. La kwanza nilimchukulia dada, nikampeleka hospitali Kisarawe. Daktari akasema kilichokwisha kupotea hakirudi. Dada yangu ni kipofu, macho yote mawili.