Ni Mahudhurio Tu

Bwana asifiwe, wapendwa! Na ninyi wa benchi la nyuma itikieni, maana ushuhuda wangu leo unawahusu.

Mimi ni Mama Neema, nakaa Bagara. Kwetu nilizaliwa peke yangu, sikuwa na kaka. Baba alipofariki, ukoo ulikaa kikao nyumbani kwetu Bonga kuhusu shamba lake. Mimi na mama tulikuwa jikoni. Tulipika wali, tukachemsha chai, tukawanawisha wanaume mikono. Baba mdogo akaniletea daftari. "Saini hapa mwanangu, ni mahudhurio tu." Nikafuta mikono kwenye kanga, nikasaini. Mama akaweka dole gumba.

Ndugu zangu! Karatasi ile ilipelekwa mahakamani kama muhtasari wa kikao. Juu ya majina yetu walikuwa wameandika kwamba tumeridhia shamba lote liende kwa baba mdogo. Mama alihamishwa mahindi hayajakomaa. Alikufa akipalilia mashamba ya watu kule Nakwa, kama alivyokufa bibi aliyemzaa, naye alinyang'anywa hivyohivyo. Nina uchungu, sifichi! Nilimchukia baba mdogo mpaka nikaacha kushiriki Meza ya Bwana.

Kisha mume wangu akafariki. Kikao tena, wali tena. Shemeji akaja jikoni na daftari. "Saini shemeji, ni mahudhurio." Nikasema, Ee Bwana, nipe kinywa! Nikaweka birika chini, nikaenda kukaa kwenye benchi la wanaume. Nikasema, "Lisomeni kwanza." Mmoja akaniambia nirudi jikoni, chai inapoa. Sikurudi! Nililisoma mwenyewe kwa sauti, nikakuta yaleyale: mjane ameridhia shamba liende kwa shemeji. Nikakataa mbele yao wote. Tukafika mahakamani bila sahihi yangu, na hakimu akaniteua mimi kusimamia mirathi. Haleluya!

Lakini sikilizeni aibu yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mwanangu wa kiume, "Baraka, shamba lako limepona." Neema alikuwa anaosha vyombo. Akauliza bila kugeuka, "Na mimi, mama?"

Kumbe ya baba mdogo yalikuwa ndani yangu mwenyewe! Nililia kuliko siku ya msiba, na hapo ndipo Bwana aliponifungua kweli. Wiki ileile tulipima shamba, nusu kwa nusu, na Neema akapanda minyaa ya mpaka wake kwa mikono yake.

Namshukuru Mungu aliyenitoa jikoni. Dada zangu, mtumainini, anasikia hata ukiomba umeshika birika. Na wewe baba mdogo uliyeketi hapo nyuma, nimekusamehe, nisikie vizuri. Ila kikao kijacho cha ukoo, chai utajichemshia mwenyewe.