Chupa za Bi Wanu

Wasikilizaji wapendwa, leo sina upole, mnisamehe. Jana tumemzika Bi Wanu Jecha kijijini kwao, kaskazini ya Unguja. Amekufa akisubiri bomba moja lifungwe. Bomba moja tu!

Bi Wanu aliingia maabara moja hapa mjini mwaka 1985, kuosha chupa. Akajifunza kazi. Ilipofika 2003 ndiye aliyekuwa akichota maji kwenye vidimbwi vinavyobaki mwambani bahari ikitoka. Maji yalipelekwa ng'ambo, mashine ikasoma vinasaba vya vijidudu vilivyomo. Ukivisoma vinasaba, unajua nani anaishi dimbwini na nani kahamia.

Majibu ya dimbwi la Mapacha yakarudi: vijidudu vya chooni. Hapo ndipo wanawake wa kijiji huchokoa pweza. Na hapo juu yake kuna hoteli, na bomba lake la maji machafu. Ili lifungwe, ulitakiwa uthibitisho wa bamvua sita, siku bahari inapojaa na kutoka kupita kawaida. Bi Wanu akachota bamvua sita, akabandika kila chupa tarehe. Tarehe za mwezi mwandamo, wasikilizaji, mwezi kumi na tano kila mara, kwa sababu bahari inafuata mwezi.

Mkuu wake akaziona, akacheka mbele za watu. Dada wa marehemu, Bi Sichana, alikuwepo, kampelekea chakula. Jana kanisimulia:

"Alimwambia, 'Bibi, hii sayansi, si maulidi.' Akaamrisha chupa zimwagwe. Zote! Wanu alizichukua akaziosha, mwanangu, moja moja."

Nasema tena: zilimwagwa zote.

Kisha mkuu akatuma watu wake, kila tarehe kumi na tano ya kalenda ya ukutani. Bi Sichana aliwaona.

"Maji yamejaa, dimbwi liko chini ya bahari, wao wamo ndani ya boti wanachota. Nikawapigia kelele, 'Mwachota nini nyie? Mapacha haionekani!' Wakanipungia mkono."

Wakachota bahari tupu. Wakaandika: dimbwi safi. Karatasi ikapigwa muhuri, na bomba likabaki. Miaka mitano Bi Wanu alibisha milango, kila mlango anaonyeshwa muhuri ule ule. Hata homa ilipomlaza alikuwa akiuliza, "Leo mwezi ngapi?" Mimi hasira zinanipanda.

Bi Sichana, nyumba nzima ya Mzee Jecha, na wanawake wa mwambani: poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tuliobaki tujiulize, ni wangapi tumewacheka kwa sababu hawakuandika kama sisi?

Na wewe mkuu, najua redio unayo. Leo mwezi kumi na tano. Sasa ni saa tano asubuhi, maji yametoka, Mapacha iko wazi. Chukua chupa uende. Wanawake wapo huko, watakuonyesha bomba.