Koplo Leodgar Nikolaus Mihayo na Kitambulisho Kilichobaki Kabatini

Marehemu Leodgar alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 kijijini Ndono, mtoto wa tatu wa mzee Nikolaus Mihayo, aliyekwishatangulia, na mama Advera. Mama anasema alikuwa mtoto wa kulia sana, lakini ukimbeba tu ananyamaza.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, kisha sekondari Tabora mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Baadaye alilima tumbaku na baba. Kazi hiyo hakuipenda, wala hakuficha.

Mwaka 2002 alijiunga na Jeshi la Polisi, akapangiwa Igunga. Likizo yake ya kwanza alikuta basi la kuja nyumbani limejaa, akamwonyesha kondakta kitambulisho. Kondakta akamwinua bibi mmoja mwenye kuku, akamkalisha yeye. Bibi hakulalamika. Alimwambia tu, "Kaa, baba. Serikali haisimami." Leodgar alimrudishia kiti, akasimama hadi Tabora huku kuku akimdonoa miguu. Tangu siku hiyo, kila alipokuwa likizo, kitambulisho kilifungiwa kabatini. Alisema ni cha kazi, na mtu aliye likizo hana kazi nacho. Sisi ndugu zake tulimcheka miaka yote.

Tarehe 11 Julai 2009 alifunga ndoa na Apolinaria, wakajaliwa watoto watatu. Mwezi Mei mwaka huu walihamia nyumba yao wenyewe, pembezoni mwa mji wa Tabora. Sare zake alizianika ndani, asije akawatia majirani hofu. Wengi walidhani ni mwalimu.

Wasifu kama huu huwa na aya ya ugonjwa. Kaka yetu hakuugua.

Jumapili ya tarehe 18 Agosti 2024, akiwa likizo, alikuta watu karibu na kwake wakimpiga kijana aliyesemekana kaiba simu. Aliingia kati, akamlalia yule kijana, akawaambia kuwa yeye ni askari. Wakamwambia, "Toa kitambulisho."

Alijibu kwamba kiko nyumbani, nyumba ile pale, twendeni wote mkakione. Mtu mmoja akasema huyu ni mwenzake, anamkinga. Hapo mawe yakamgeukia yeye.

Jirani alikimbia kumwambia Apolinaria, naye akalivunja kabati kwa mchi. Alipofika alikiinua juu kitambulisho, wakakisoma, wakaondoka mmoja mmoja. Leodgar alikuwa chini, hasemi. Alifariki hospitalini, Kitete, Jumanne tarehe 20 Agosti. Kijana yule yu hai. Tunajitahidi kushukuru.

Padri ametuambia kaka yetu alikufa akiwa mwema. Ni kweli, na haitusaidii. Angekuwa mtu wa kutembea na kitambulisho mfukoni akitisha makondakta, leo angekuwa anakula chakula cha mchana. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Yeye alitenda, hakuachwa aende.

Ameacha mama mzazi, mjane Apolinaria, watoto Festo, Batuli na Kulwa, na sisi ndugu zake, nami dada yake Imakulata ninayesoma haya. Baadhi yenu mliokuwepo Jumapili ile mmekuja leo, na wengine mmebeba jeneza. Tumewaona. Hatukuwafukuza, kwa sababu hatukuwa na nguvu.

Apumzike kwa amani kaka yetu. Sisi hatunayo.