Mto Haupigiwi Kura

Wasikilizaji wapendwa, tulieni kidogo. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mama mmoja, na sitaki neno lake hata moja lianguke chini.

Aliyefariki ni msomaji wa kipimo cha mto. Yule wa darajani. Wengi wenu mlimwita Mama Rula. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, mchana, mafuriko yalipoingia mtaa wa chini. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Mama Rula wa darajani hatunaye.

Nimepewa karatasi ya kusoma. Imemwita "mdau wa mjadala wa hali ya hewa". Nimeikunja nikaiweka chini ya kikombe. Mama huyu hakuwa mdau wa mjadala. Alikuwa dobi, mke wa fundi baiskeli, dada wa fundi cherehani, na asubuhi na jioni alisoma maji ya mto. Hiyo ndiyo habari yake.

Ilikuwaje akawa Mama Rula? Miaka ishirini na sita iliyopita, bwana mmoja wa ofisi ya maji alisimama darajani na ubao mrefu wa chuma, mweupe, wenye mistari na namba. Alikuwa akitafuta mtu anayekaa karibu, asiyesafiri ovyo, anayejua kusoma. Akamkuta mama anasuuza mashuka ya watu.

"Mama, rula unaijua?"

"Niliishia la saba, baba. Sikuishia la kwanza."

Ubao ukafungwa kwenye nguzo ya daraja. Kuanzia kesho yake, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, alishuka zile ngazi, akainama, akaangalia maji yamefika wapi, akaandika kwenye daftari. Pale penye mita tatu kulikuwa na mstari mwekundu. Maji yakifika mstari mwekundu, kazi yake ilikuwa kugonga chuma kilichoning'inizwa juu ya daraja, ili watu wa mtaa wa chini wapande juu. Kazi ni hiyo tu. Kuangalia, kuandika, kugonga.

Juzi nilikwenda nyumbani kwake. Mume wake alinishushia madaftari kutoka juu ya kabati. Yako kumi na manane, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nimeyafungua. Kuna kurasa ambazo mahali pa namba pameandikwa neno moja: "Sijaona." Siku aliyokuwa na homa, "Sijaona." Siku aliyomzika mama yake, "Sijaona."

Fundi baiskeli aliniambia hivi: "Mimi nilikuwa namwambia, mama, andika tu kama ya jana, nani atajua? Ananitazama kama nimemtukania wazazi. Ananiambia, 'Wewe funga spoku zako. Sijaona ni sijaona.'"

Basi huyo ndiye mtu aliyekuja kuitwa mwongo.

Madaftari yanasema nini? Yanasema katika miaka kumi ya kwanza, maji yaligusa mstari mwekundu mara mbili. Mara mbili tu. Katika miaka mitano hii ya mwisho, mara kumi na moja. Na kiangazi kikija, mguu wa ubao unasimama pakavu, mbuzi wanapita chini yake. Mvua inakawia, halafu inakuja yote kwa mkupuo kama mtu aliyekimbizwa. Mama Rula hakujidai kujua kila kitu. Alikuwa akisema, "Kwa nini, waulizeni waliosoma. Wao wanasema moshi wa dunia umeongeza joto, na joto limeivuruga mvua. Mimi nawaambia maji yamefika wapi."

Wasikilizaji wapendwa, mwaka jana mwezi wa sita alialikwa redioni. Redio gani? Hii hii. Chumba hiki hiki. Kiti hiki nilichokalia mimi.

Mnakijua kile kipindi cha pande mbili. Dakika tano huyu, dakika tano yule, kengele katikati. Siku ile swali lilikuwa: je, hali ya hewa imebadilika kweli, au ni maneno ya watu? Upande mmoja, Mama Rula na madaftari yake. Upande wa pili, yule bwana tunayemwita Mchambuzi. Jumatatu anachambua mpira. Jumatano anachambua siasa. Siku ile alichambua mvua. Ngazi za daraja hajawahi kuzishuka. Ila ana sauti nzuri, simnyimi haki yake.

Mchambuzi akaanza. "Mama yangu, una shahada gani?"

"Sina, mwanangu. Nina macho mawili."

"Hata babu zetu waliona mafuriko. Au nao walikuwa na magari?"

"Babu zetu waliyaona wakayasimulia miaka, kwa sababu hayakuja kila msimu. Mimi nikisimulia ya mwaka jana, ya mwaka huu yanabisha hodi."

"Mvua ni ya Mungu, mama. Nani ampime Mungu kwa rula?"

Hapo watu wakacheka. Hata fundi mitambo alicheka, nilimwona. Mama Rula akangoja wanyamaze. Akasema, "Mungu simpimi. Napima maji yanayokuja chumbani kwako." Kengele ikalia. Dakika zake zilikuwa zimekwisha.

Mimi ni mtu wa sala. Nimezika mume, nimelea kwa sala, na sala ndiyo iliyonifikisha kwenye maikrofoni hii. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mungu aliyetupa mvua ndiye aliyetupa macho. Ukilitaja jina lake ili mwenzako asiangalie, umelitaja bure. Na kosa hilo lilifanyika hapa, hewani, na watu walilicheka.

Baada ya hapo tukafungua simu. Piga useme ndiyo au hapana. "Hapana, haijabadilika": mia mbili na kumi na mbili. "Ndiyo, imebadilika": arobaini na moja. Namba hizo nilizisoma mimi, kwa sauti hii mnayoisikia. Mungu anisamehe. Tuliupigia mto kura. Watu wazima tumekaa, tunahesabu simu, kujua maji yako wapi! Wakati aliyetoka kuyaangalia asubuhi yuko mbele yetu na daftari mkononi.

Kesho yake gazeti likaandika, kwa herufi kubwa: "Wananchi: Mto uko vilevile." Picha yake wakaiweka akiwa mdomo wazi, katikati ya neno, ili aonekane mjinga.

Mnajua ninyi mlivyomfanyia. Akipita sokoni: "Mama Rula, pole na uchaguzi!" Akinunua vocha: "Leo mto una sentimita ngapi za chumvi?" Yeye alikuwa mtu wa utani, naye anawarudishia. "Mbili za kwangu, mia mbili na kumi za kwenu." Lakini mume wake anasema akifika nyumbani alikaa kitandani na viatu.

Utani ungekuwa utani tu, tungesema yamepita. Hayakupita. Mwenyekiti wa mtaa alikuja darajani. Akamwambia kuanzia sasa asigonge chuma peke yake. Watu wanapata hofu bure, na kura zimeonyesha. Akiona maji yamepanda, amwite kwanza mtu mwingine athibitishe, pande zote zisikike.

Mama Rula akamjibu, "Mwenyekiti, upande wa pili wa mto ninaoujua mimi ni ng'ambo tu."

Mwenyekiti akasema hayo ndiyo maagizo.

Sasa niwaambie habari ya mdogo wake. Yeye mwenyewe ameniruhusu, tena amesema nisipunguze. Mdogo wake anashona nguo mtaa wa chini, chumba cha pili kutoka kisimani. Siku ile ya kura alipiga simu. Alisema "hapana".

"Nilichoka kuambiwa tutahamishwa kwa sababu ya mto," aliniambia. "Wateja wangu wako pale. Cherehani liko pale. Nikasema wakishinda wa 'hapana' tutaachwa tukae. Nikabana pua ili dada asinijue. Jioni akaja na sketi ya kupunguzwa kiuno. Akakaa. Akasema, 'Mdogo wangu, ukipiga tena, kohoa kidogo katikati. Pua peke yake haitoshi.' Tukacheka mpaka machozi. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana."

Tumefika Jumanne.

Jumanne lilikuwa jua. Hilo mlikumbuke. Hapa mjini hapakudondoka tone. Nguo zilianikwa. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu, milimani, usiku kucha, na maji yalikuwa njiani. Saa tano na nusu Mama Rula alikuwa anafua. Akaona mto umebadilika rangi. Akashuka ngazi. Mita tatu na sentimita kumi, na yanapanda.

Alimpigia mwenyekiti. Mwenyekiti akasema ngoja nitume mtu. Hakungoja. Aligonga chuma. Aligonga mpaka mkono ukachubuka, mume wake aliuona. Wachache wakapanda juu. Wengine walisimama milangoni, wakaangalia jua, wakasema, "Huyo bado ana kinyongo na zile kura."

Saa sita kamili alipiga simu hapa redioni. Ujumbe wake ukaandikwa kwenye karatasi, nayo nimeishika sasa hivi. Inasema: "Mto mita tatu na nusu, unapanda, mtaa wa chini watoke." Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Subiri upande wa pili."

Walikuwa wanamtafuta Mchambuzi. Mchambuzi alikuwa kwa kinyozi, simu amezima. Karatasi ikakaa mezani. Sisi tukatangaza sabuni. Tukatangaza magodoro. Mimi niliipita ile meza mara mbili, nikaiona karatasi, nikaisoma. Nikasema moyoni, wakubwa wanajua. Wakubwa walikuwa wanasubiri mtu anyolewe.

Maji yaliingia mtaa wa chini saa saba na nusu. Tangazo lilisomwa saa nane na robo.

Watu tisa walikufa. Mama Rula ni mmoja wa hao tisa.

Yeye alikuwa juu, darajani, pakavu. Angeweza kukaa. Alishuka kumfuata mdogo wake. Akamkuta anahangaika na cherehani, lile la miguu ya chuma, analivuta kuelekea mlangoni, maji yako magotini. "Liache hilo!" "Dada, ndiyo maisha yangu!" "Maisha yako ni wewe, mpumbavu!" Akamshika kiunoni, akamtoa. Kwenye kichochoro maji yalikuwa yamefika kifuani. Akamsukuma mdogo wake kwenye ngazi za ile nyumba ya ghorofa. Mdogo wake akashika chuma cha ngazi, akageuka kumpa mkono. Ukuta wa uani ukaanguka.

"Alikuwa karibu hivi," mdogo wake aliniambia, akanionyesha kwa mikono yake miwili, urefu wa foronya. "Karibu hivi tu."

Wasikilizaji wapendwa, nina hasira. Mniwie radhi wale mliozoea nikiwaliwaza. Nimeiombea hasira hii ipoe na haijapoa, na nimeanza kufikiri labda haikuletwa ili ipoe. Sina hasira na maji. Maji hayakudanganya mtu. Yalipita kwenye ubao, yakaonyesha yalipofika, mchana kweupe.

Na sasa hivi, ninavyoongea, mkuu wa kituo amesimama nje ya kioo. Ameniinulia karatasi nyingine. Naisoma kama ilivyo: "Mchambuzi yuko hapa. Mpe dakika tano. Lazima pawe na upande wa pili."

Namwona. Amekaa kwenye benchi la korido, ameshika kofia. Ndugu yangu, sikuchukii, na kama umekuja kutoa pole, nyumba ya marehemu iko karibu na daraja, mlango uko wazi, nenda. Huko watakupokea. Ila humu hutaingia. Matanga yana wafiwa. Hayana upande wa pili.

Kwa mume wa marehemu, fundi baiskeli wetu: pole, baba. Mkeo hakuandika asichokiona, na alichokiona hakukificha. Kwa mdogo wake: pole, binti yangu. Aliijua sauti yako na bado alikuja. Kwa nyumba nyingine nane za mtaa wa chini: poleni sana. Mungu awapokee waliotangulia, na sisi tuliobaki atuulize maswali tungali hai, tusingoje kuulizwa huko.

Zile dakika tano nimeziacha wazi. Nitakaa hapa na sitasema kitu. Wewe uliyepiga simu, wewe uliyecheka, wewe uliyeandika gazeti, na mimi niliyeipita meza, tukae nazo. Anayejua kuomba aombe. Asiyejua aangalie alipo, aone maji yatapita wapi yakija, na nani atamshika mkono.

Fundi mitambo, mwanangu, usiweke muziki.